Matumba

Tarehe kumi na tisa, niliandika kwa penseli.
Kaka Kiyotaka alitaka niandike kwa wino.
"Vyumba vinakwisha," alisema kwenye simu,
"pale karibu na ngome vimebaki viwili,
na kimoja kinatazama maegesho ya magari."
Nikamwambia: weka vyote viwili.
Nikampigia tena: usiweke.

Kila saa kumi alfajiri, zamu inapolegea,
wagonjwa wa wodi ya tatu wamelala au wanajifanya,
nafungua ramani ya utabiri.
Mstari wa waridi unapanda kutoka kusini
kama homa kwenye kipimo:
umepita Kyushu, umepita Osaka, umefika Tokyo,
watu wametandika maturubai ya buluu chini ya micheri,
wamekula, wamelewa, wamekunja maturubai.
Sisi huku bado tunapaka mafuta midomo iliyopasuka.

Mpango ni huu:
natoka Sendai kwa treni ya saa mbili na robo,
nampitia mama Morioka,
Kiyotaka anatungoja Hirosaki na gari la kukodi
lenye mlango wa kuteleza, kwa ajili ya nyonga ya mama.
Nimehesabu ngazi. Nimehesabu vyoo.
Nimepiga simu kuuliza kama kuna kiti cha magurudumu,
na mzee aliyepokea akaniuliza umri wa mama,
kisha akasema, kama mtu anayetoa siri,
"Mlete asubuhi. Mchana ni vijiti vya kupigia picha tu."

Utabiri ukasema: ishirini na mbili.
Nikafuta kwa raba.
Baridi ikarudi siku tatu. Ishirini na tano.
Nikafuta.
Karatasi ya kalenda imeanza kutoboka
hapo hapo, wiki ya nne ya Aprili;
nikisogeza jicho naona Mei.

Bi. Nakadate, msimamizi wetu, anataka fomu:
siku mbili, zitajwe, zisigeuke.
Nilitamani kumwambia mcheri haujazi fomu.
Nikasema, "Kesho, Bi. Nakadate."
Kesho yake nikasema hivyo hivyo.

Na mama?
Mama anashona kitambaa cha kufungia chakula.
Alikwenda huko mara moja, akiwa na mimba yangu,
na baba, ambaye aliangusha sanduku la chakula
kwenye handaki la maji linalozunguka ngome,
akasimama akilitazama likielea kati ya petali,
wali, yai, kipande cha samaki wa chumvi,
akasema, "Haya, samaki amerudi kwao."
Basi. Hadithi yote ni hiyo.
Mama huisimulia kila mwaka,
na kila mwaka hucheka kabla ya kumfikia samaki.
Tangu baba aondoke, hucheka mapema zaidi.

"Tukichelewa?" nilimwuliza juzi. "Tukikuta yamepukutika?"
"Tutatazama maji."
"Tukiwahi? Tukikuta matumba matupu,
yamefumba kama ngumi za kichanga?"
Akakata uzi kwa meno, meno yasiyo yake,
akanyoosha kitambaa gotini.
"Yana shida gani matumba?"

Sikuwa na jibu.
Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema;
juu ya matumba hawakusema kitu.

Leo nimejaza fomu.
Ishirini na nne na ishirini na tano, kwa wino.
Sababu ya likizo: wameacha mstari mmoja tu,
mfupi, wa kutosha harusi au msiba.
Nikaandika: Kumpeleka mama kutazama maji.
Bi. Nakadate akasoma. Akasoma tena.
Akagonga muhuri,
kisha, bila kuinua macho,
akaniuliza kama kile chumba cha pili
kimeshachukuliwa na mtu.