Tuta la Kahe

Daktari aliniandikia dawa mbili na amri moja:
tembea. Nikamwuliza nitembee wapi,
Moshi yote bodaboda zinanikata visigino.
Akapandisha mabega, akamwita mgonjwa mwingine.
Kwenye ngazi za hospitali ndipo nikalikumbuka tuta.

Tuta halina mlima. Waliolichimba
walijua gari moshi ni mnyama mzito, mvivu wa vilima,
wakakata udongo hapa, wakaujaza pale,
na goti langu la kushoto, lenye miaka hamsini na minane,
linawashukuru bila kuwajua.

Reli zenyewe hazipo. Ukiuliza nani alizibeba
kila mtu wa Kahe anageuka kuhesabu ng'ombe wake.
Mataruma ya chuma nimeyaona: kizingiti cha duka,
kivuko cha mfereji, miguu ya kitanda
ambacho Ndewirwa anaapa alikirithi.
Zimebaki kokoto, na katikati ya kokoto
uzi wa njia uliolainishwa na matairi
ya wauza maziwa, ya wanafunzi,
na tangu mwezi wa tatu, ya kwangu.

Baba alikuwa mkaguzi wa njia hii.
Mbonea wa genge la sita,
koti la kaki, nyundo ya mpini mrefu,
maili nne kwenda, nne kurudi, kabla jua halijakomaa,
akigonga, akiinamisha sikio, akigonga.
"Chuma kizima huimba," alisema.
"Kilichopasuka hukohoa."
Sisi wanawe tulikatazwa kukanyaga hata taruma moja.
Reli si njia ya watu, alisema,
na fimbo ilikaa juu ya mlango kumtolea ushahidi.

Nisamehe, baba. Nipo katikati yake,
na baiskeli ya mkopo.

Kiure, mjukuu wa dada yangu, ndiye aliyenifundisha,
akishika kiti kwa nyuma, akikimbia na ndala:
"Kanyaga, bibi, kanyaga! Usitazame gurudumu!"
Nikatazama gurudumu.
Migunga ya Kahe haina heshima kwa wazee;
dada alinichomoa miiba jioni nzima, akicheka mpaka akakosea sindano.
Mara ya tisa sikuzisikia ndala.
Nikajua kaniachia. Nikapiga yowe,
na yowe lenyewe likanisukuma mbele.

Sasa naenda peke yangu, Jumanne na Ijumaa.
Kibo kiko kushoto nikienda, kulia nikirudi,
kimejifunika shuka kama mgonjwa mwenzangu kwenye foleni.
Digidigi ananitazama, anaamua sistahili kukimbiwa.
Darajani nashuka. Reli ilipong'olewa zilibaki mbavu,
na juu ya mbavu mbao tatu, moja inacheza.
Naijua ipi. Sikumwambia daktari.

Ijumaa iliyopita nilifika mbali kuliko siku zote,
hadi shule yenye mwarobaini uani,
na kwenye mwarobaini, kwa waya,
kipande cha reli, kirefu kama mtoto wa darasa la tatu,
na boliti ya kukigongea kwenye kopo.

Niliegemeza baiskeli.
Sijui nilifikiri nini. Nilichukua boliti,
nikagonga mara moja, nikainamisha sikio.

Kililia, baba. Kililia mpaka kwenye meno yangu,
kikapita juu ya mahindi, kikarudi,

na milango yote minne ikafunguka
watoto wakamwagika kama maharage gunia likipasuka,
wengine wameshashika vikombe vya uji,
saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Mwalimu Nakijwa akatoka na chaki mkononi.
"Nani amegonga?"
Nilikuwa bado nimeishika boliti.
"Kizima," nikamwambia.
"Nini kizima, mama?"
Nyuma yake uji ulikuwa haujachemka
na foleni ilishafika getini.