Glasi ya Tatu

Barafu ni mwongo, huwaambia vijana wa kiwandani.
Humfunika mgonjwa shuka jeupe, ukasema amelala.
Vodka hupimwa ikiwa na joto la chumba,
imezimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu,
uchi, ijitetee yenyewe.

Leo ziko tano. Hazina majina, zina namba.
Dirishani Skåne imelala bapa chini ya theluji chafu.

Ya kwanza: safi, lakini usafi wa hospitali.
Nikatema ndooni.
Ya pili: pilipili manga nyuma ya ulimi,
kisha ganda la mkate, lile la chini, lililogusa bati.
Nikaipa nane. Nikatema.

Watu hudhani kazi hii ni kunywa.
Kazi ni kutema, na kukumbuka.

Ya tatu
ilinijia kwa adabu. Malai. Bizari tamu, kwa mbali.
Utamu wa punje mbichi tulizotafuna utotoni
hadi zikawa ulimbo kinywani.
Halafu, chini kabisa, kama mtu abishaye mlango wa nyuma,
unyevu:
gunia lililosahauliwa sakafuni.

Nikaijua.
Agosti, siku tisa za mvua,
mashine ya kuvunia imenyamaza uani
kwa kuwa Holger, kaka yangu, alivunjika nyonga
na hakutaka jirani aguse shamba lake.
Ngano ikachipua masukeni, ingali imesimama.

Namba haina ndugu. Ndiyo sheria, na niliitunga mimi.

Nikipa saba, watanunua tena kwake mwakani.
Nikipa tano, hawanunui.
Bertil wa maabara akakohoa.
Nikaandika tano. Nikafuta. Nikaandika tano.
Kasoro: unyevu wa mavuno.
Hiyo sikuitema.

Ya nne na ya mwisho sizikumbuki;
karatasi inazikumbuka.

Nje, Holger alikuwa ndani ya pikapu, injini ikinguruma,
mkongojo wake umelala kiti cha abiria.
Hakuuliza. Nikampa iliyobaki glasini.
Akanusa kwanza, kama nilivyomfundisha,
akainywa polepole, kofia magotini.
"Mvua," akasema.
"Ndiyo."
Kimya. Kunguru mmoja juu ya silo.
"Na kabla ya mvua?"
"Kabla ya mvua, Holger, ilizishinda zote."

Akauondoa mkongojo kitini, nipate kukaa.