Kipimo cha Kimya

Nilirithi saa ya mwalimu wa michezo,
ile ya kubonyeza, kioo kimepasuka,
nayo nimepima kimya miaka thelathini na moja.

Si kimya cha makaburi, wala cha kondoo usiku
huku Tacuarembó, jalidi ikikaza nyasi.
Kimya kidogo tu: kile kikaacho
kati ya swali la mwalimu na jibu la mtoto.

Kamati ya ajira ilinicheka.
"Bi Nibia, unataka mshahara wa kupima kitu kisichopo?"
Nikasema ndiyo. Nikangoja.
Wao ndio wa kwanza kuingia daftarini mwangu:
sekunde tisa, profesa mmoja akikohoa.

Kisha mabasi ya alfajiri,
kamera ya kuazima mapajani kama mtoto mwenye homa,
shule za vyumba viwili, za chumba kimoja,
ile ya bondeni yenye wanafunzi kumi na mmoja na mbwa.
Niliwafundisha wanachuo wangu kutoa swali
halafu kufumba mdomo.
Lo, walivyoteseka!
Ovidio Techera alijiuma ulimi hadi damu,
Zulma alihesabu vifungo vya blauzi,
yule wa Rivera alifuta ubao uliokuwa mtupu.
Wastani: sekunde sifuri nukta nane.
Kuku hudonoa polepole kuliko hivyo.

Zikaja kompyuta ndogo, katoni kwa katoni,
zikashushwa mbele ya shule isiyo na umeme.
Ofisa alikata utepe. Watoto wakanusa plastiki.
Nami nikapata fedha za utafiti, hatimaye,
kwa kuwa sasa kimya kilikuwa na skrini,
na wafadhili hupenda kitu kinachowaka.
Makala kumi na saba.
Mpitiaji wa kwanza: sampuli ni ndogo.
Mpitiaji wa pili: sampuli ni kubwa, ipunguzwe.
Nikapanda cheo. Nikapewa mlango wenye jina langu;
herufi moja ilianguka, sikuidai.

Niligundua nini? Niseme kwa kifupi, yerba inapoa kibuyuni:
mashine nayo haingoji.
Inalia "umekosea" kidole kikiwa bado hewani.
Tuliiandikia kampuni iongeze sekunde tatu, tatu tu.
Wakajibu: mtumiaji atadhani imeharibika.
Barua hiyo nimeibandika ukutani.
Ndivyo na watoto wetu walivyokuwa wakidhaniwa.

Wiki hii nahamisha kanda za zamani kabla hazijaoza.
Kanda namba moja: mimi, nywele nyeusi, chaki,
sauti kali kuliko nilivyoikumbuka.
"Kwa nini mto hupinda?" nauliza,
na papo hapo najijibu, furaha tele.
Narudisha nyuma. Nasimamisha.
Safu ya mwisho, kushoto, mvulana ndani ya sweta la kaka yake:
mkono umefika usawa wa sikio,
unajifanya unakuna,
unashuka.
Nusu sekunde. Nimepima mara sita kwa saa ileile.
Kuuliza si ujinga, tulikuwa tukikariri;
hakuna aliyetuonya kuhusu kuuliza na kukimbia.

Namjua. Ni Wilmar Pintos.
Ndiye aliye juu ya paa la chuo sasa hivi,
anavuta waya mpya wa intaneti, bisibisi mdomoni.
Kila mwezi huja, huniita Profesa, hutengeneza, huondoka,
nami sijawahi kumuuliza neno
ila bei.

Akishuka nitampa kiti, nitammiminia kibuyu,
nitamuuliza kuhusu mto.
Mikono yangu nitaikalia.

Ngazi inakwaruza ukuta. Buti moja. La pili.
Saa nimeifudikiza mezani.