Kopo la Kibirizi

Kitako cha kopo langu kilibonyezwa kwa nyundo
kikaingia ndani vidole viwili.
Sikukibonyeza mimi. Nililirithi kwa wifi,
pamoja na meza, pamoja na deni.

Jumapili nilisimama kwaya, sauti ya pili,
nikatoa fungu la kumi, noti zanuka dagaa.
Mwinjilisti Ntahondi akafundisha habari za mizani,
nami nikatazama kucha zangu.

Jumatatu akaja Butoyi, mtoto wa jirani,
sarafu zimelowa jasho kiganjani:
"Mama kasema kopo moja. Leo tuko saba."
Nikapima.
Nikawaona saba wakila hewa yangu.

Usiku nikatwaa jiwe la ufukweni,
nikagonga kutokea ndani, ko, ko, ko,
mume akazinduka: "Nani anabisha?"
Nikamwambia, "Lala. Naungama."

Faida imepungua, sitaficha;
ada ya Minani nimelipa nusu.
Na kopo, kitako nje, halitulii mezani,
linayumba, wachuuzi wenzangu wanacheka:
limelewa hilo!

Butoyi akija
nalishika kwa mkono mmoja lisianguke,
kwa mwingine najaza.