Kamera ya Mlango wa Nyuma

Bi Doreen Gaudet alinipigia simu asubuhi
kusema kamera yake ina mzuka.
Kila usiku wingu jeupe linasimama mlangoni,
halibishi hodi, halisogei,
naye hawezi kumwona Leander akitoka.

Leander ni mumewe. Miaka thelathini na mbili
alikausha karatasi kiwandani.
Siku hizi huamka saa tisa za usiku, huvaa kofia ya kazi,
huenda kuwahi zamu iliyofungwa zamani.

Nikapanda ngazi. Mji wa Saint John haukuwepo.
Ghuba ya Fundy ilikuwa imepanda mitaani,
imemeza daraja, imemeza dohani,
imebakiza honi ya meli moja
inayouliza njia.

Skrubu nne. Nilipoifungua,
maji kijiko kizima yakanimwagikia kiganjani.
Mpira wa kuzibia umepasuka kama kisigino.
Kifuko cha chembe za kunyonya unyevu
kimeshiba, kimelala.
Na waya! Fundi aliyenitangulia
aliuingiza tunduni ukitokea juu, umenyooka,
kila tone likapata barabara ya lami.

“Waya uache ushuke kwanza,” nilimwambia,
“uwe na tumbo chini ya tundu, ndipo upande.
Maji ni mavivu, mama. Hayapendi kilima.”

Bi Doreen akakiri: alikuwa akisugua kioo kwa siki
kila Jumapili, baada ya kanisa.
Alisugua kwa nje.
Kosa lilikuwa ndani.

Pembeni mwa lenzi, doa la kijivu lenye nyuzi.
“Nini hicho?” akauliza toka chini,
nami nikapapasa neno la kumpa.
Kwetu ni ukungu.
Na huu uliomeza daraja ni ukungu.
Na ule wa mkate uliosahauliwa kabatini, ukungu pia.
Wenyeji hapa wameyatenga majina,
kila mmoja na kwake;
sisi tuliujua ukoo:
mzazi hupita akiwa hewa,
mtoto hubaki kwenye kioo.

Mtoto wa jicho. Mama yangu, Uvira,
alikuwa nao wawili, kulia na kushoto.
Alinijua kwa ninavyokohoa.
Daktari alikuwa Bukavu,
na barabarani kulikuwa na watu wenye bunduki.

Lenzi haikupona. Ukungu ukishakula ngozi ya kioo
hakuna kitambaa kitakachoirudisha.
Nikaweka nyingine. Mpira mpya nikaupaka grisi kidogo tu,
kama unavyopaka midomo ya mtoto.
Lakini sikufunga. Si pale nje.
Ukifunga ndani ya ukungu, umeufuga.

Nikaibeba hadi jikoni, karibu na jiko la kuni,
ambako hewa ilikuwa kavu hadi pua inawasha.
Leander alikuwa mezani na kofia yake.
Akaitazama ile kamera iliyo wazi
kama mtu anayetazama barua.

“Usiharakishe,” akasema.
Bi Doreen akaweka sufuria chini. Tangu Jumanne
hakuwa amesema neno.
“Kitu kikikaushwa kwa pupa kinajikunja.”

Tukangoja. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa.
Kisha akanyoosha mkono, nikampa bisibisi.
Skrubu ya kwanza, kidogo. Ya pili,
ile inayotazamana nayo, kidogo.
Akavuka, akarudi, akavuka,
hakubana hata moja peke yake hadi mwisho.
Jina langu hakulijua. Mikono ilijua.

Asubuhi iliyofuata Bi Doreen alinitumia picha.
Saa tisa na dakika saba, usiku.
Mlango unaonekana hadi bawaba zake. Ngazi. Kofia.
Leander amesimama chini ya kamera,
ameinua kidole kimoja
kwenye tumbo la waya,
anapokea tone.

Picha ya pili: mlango umefungwa,
na nyayo zenye maji
zinaelekea ndani.