Nguo ya Kuyavalia Maji

Mwezi wa tatu, Mwanjelwa.
Matope yamekwisha kujua namba ya kiatu changu.
Kazi yangu ni kusoma mita za maji za watu:
Isanga asubuhi, Ilemi saa tano,
Iganzo kwenye ule mwinuko ambao hata bodaboda huomba radhi.
Nainama, nafuta kioo kwa kidole, naandika tarakimu,
na maji mengine, yasiyo na mita,
yananishuka mgongoni bila kudaiwa na mtu.

Miaka sita nimevaa ahadi.
Mwavuli uliogeuka bakuli siku ya pili.
Koti la plastiki, buluu, lililonipika kwa jasho langu,
nikafika nyumbani nimelowa kutoka ndani.
Rahisi ghali. Somo hilo nimelilipia kwa awamu.

Kwa hiyo leo sina haraka.
Ambokile katundika majaketi kama nyama buchani.
"Dada Subilaga, chukua hili jekundu,
hata ukitumbukia ziwani unatoka mkavu."
Sina mpango wa kutumbukia ziwani.
Nina mpango wa kwenda Iganzo na kurudi, kila siku, nikiwa mtu.

Naligeuza ndani nje. Napitisha ukucha kwenye mishono.
Begani utepe umebanduka, umejikunja
kama ganda la kitunguu.
Maji hayaombi mlango; tundu la sindano linayatosha.
Rudisha.

La kijani naliwekea mdomo, napuliza.
Kiganja cha upande wa pili kinahisi vuguvugu lote.
Rudisha.
La njano zito kama turubai la lori.
Na lile jeusi, zuri, zuri hadi naona aibu kulishika,
kofia yake haina kamba:
upepo wa Loleza utaivua kabla sijavuka barabara.

Ambokile anashusha pumzi.
"Dada, unachagua jaketi au mume?"
Wauza viazi wanaangua kicheko. Nami nacheka.
Mume nilimchagua haraka kuliko hivi.
Ndiyo maana leo naangalia mishono.

Bibi yangu, kule Masoko ya Rungwe,
alikata jani la mgomba akatembea chini yake hadi kanisani,
akalitupia mbuzi mlangoni.
Hakuwahi kuuliza bei.
Lakini bibi hakuwa na daftari la kampuni.

Wanasema ukiyavulia maji nguo, yaoge.
Sawa. Ila mimi sijayavulia.
Yananifuata kazini.
Natafuta nguo ya kuyavalia.

Chini kabisa ya rundo, la kijivu, rangi ya jivu la juzi.
Kwenye ukosi mtu kaandika jina lake kwa wino, Ingrid,
wino umefifia, mshono haujafifia.
"Nipe maji," nasema.
Ambokile anamimina kutoka chupa yake ya kunywa, kwa uchungu.
Matone yanakusanyika mkononi, yanatetemeka,
yanateleza kama watoto waliofukuzwa shambani kwa mtu.
Nahesabu hadi mia moja. Ndani, pakavu.
Mkia wake unafunika makalio,
na kifuani, upande wa moyo, mfuko:
daftari linaingia, linalala.

Thelathini na tano, anasema.
Ishirini, nasema.
Tunaachana kwenye ishirini na sita
na matusi madogo ya kirafiki.

Jumanne, jua.
Jumatano, jua.
Alhamisi, jua la kukausha mahindi, nami nimelivaa,
na mama Tusajigwe anauliza kwa sauti
mvua nimeificha wapi.

Ijumaa, Iganzo, kwenye mita ya mzee Mwasenga,
Loleza ukapotea.
Kuku wakakimbia, wanafunzi wakakimbia,
mwuza maandazi akakimbia na beseni kichwani.
Mimi nikaandika sifuri. Nne. Saba.
Nikarudia kusoma ile ya mwisho, taratibu, moja,
wino ukakaa pale nilipouweka.

Ikafika. Ikanigonga kichwani, mabegani, mgongoni,
hodi, hodi, hodi.
Sikusema karibu.