Herufi Moja na Tabu

Sikuja kulisifu, Mzee Mselem. Nimekuja kulipima.
Sumaku hii niliing'oa kwenye spika iliyokufa,
nimeifunga leso isikwaruze rangi,
nikaipitisha bodini polepole, mlango kwa mlango.
Ikashika, ikashika, ikashika,
ilipofika juu ya gurudumu la nyuma, kulia,
ikadondoka kiganjani kama tende iliyoiva.
Hapo pana puti. Hapo paligongwa, Japani au melini,
na mwenye yadi hajui, au ajua na anakohoa.

Tsuma dalali anamwaga sifa tangu saa mbili:
viti vya ngozi, tabo, kiti cha dereva chajisogeza chenyewe!
Hili, asema, ni mdogo wake yale ya Kizingo,
yale yanayofunguliwa geti kabla hayajapiga honi.
Mimi nimepiga magoti kwenye kokoto za Makupa,
tochi mdomoni, nikalichungulia chini ya sketi.
Mabomba mawili ya moshi, yanang'aa kama pete za harusi.
Moja linatoa moshi.
La pili ni mdomo usio na koo.

Mbao za dashibodi si mbao.
Uzi ule mweupe haukupita popote,
umechorwa kwenye plastiki, mshono bila sindano.
Mlango ukifungwa wasema "dufu," kwa heshima zake,
lakini gonga chini ya kiti, pasipotazamwa na mtu,
utasikia debe.

Ndipo nikaliwasha.
Tukashika njia ya daraja la Nyali, mimi na Tsuma na joto la Februari,
kiyoyozi kikivuma hadi miwani yangu ikafanya ukungu.
Ukikanyaga, kwanza linafikiri.
Pumzi moja hivi, kama mtu aliyekumbushwa deni.
Kisha tabo inaamka,
na mwinuko wa daraja unalala chini.
Lita moja na nusu tu, kifua cha mtoto,
lakini lilivuta kama wale wapagazi wako wa gati namba tano!
Lori la saruji likabaki nyuma likitukana.
Hapo halikusema uongo, Mzee.
Na mimi niliyekuja kupima nikajikuta nacheka.

Sisi wa gereji twaiita tabo.
Herufi moja tu yaitenga na tabu.
Yataka oili mpya kila kilomita elfu tano,
si elfu kumi alizokuahidi Tsuma.
Yataka, ukifika nyumbani, usiizime upesi:
iache ingurume dakika moja, ipumue,
kama mgeni aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya nne,
humuulizi habari kabla hujampa maji.
Ukiikatiza itakufa, na maziko yake ni laki na nusu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Na hili je, linalojitembeza vizuri hivi?

Nilipomaliza hukuniuliza matairi, wala puti, wala bei.
Uliniuliza, ukitazama viatu vyako:
"Likisimama mlangoni kwa wakwe, litaonekana?"
Miaka thelathini na mmoja ya kuhesabu makontena ya watu,
kiinua mgongo kimekuja, mgongo umeshakunjika.
Nikaitazama saa yangu, dhahabu isiyo dhahabu,
inayoniachia alama ya kijani msimu wa jasho,
nikaushusha mkono wa buibui.

Basi nimeandika. Injini: njema. Gia: laini.
Bodi: limegongwa, akupunguzie elfu themanini, asipotaka nipigie.
Bomba la kushoto: pambo.
Kwenye maoni ya mkaguzi kalamu ilisita,
ikafikiri, kama gari lenyewe.

Litaonekana, Mzee.
Siku hiyo liegeshe ubavu wa kulia ukutani,
na kabla hujafungua mlango, keti kidogo.
Dakika moja. Mpumue nyote wawili.